Ndege Iliyokaa Kama Mbwa

Maneno haya niliyasema Jumamosi moja mjini Moshi, mbele ya wanafunzi wa ufundi na wazazi wao, katika ukumbi ulio karibu na kituo cha zamani cha reli. Mwalimu aliniomba niyaandike. Nimeyaandika kama yalivyonitoka mdomoni, nikapunguza kukohoa.

Mwalimu Mkuu, walimu, wazazi wenzangu, na ninyi vijana mliokimbilia viti vya nyuma mkidhani macho yangu hayafiki huko.

Marahaba. Marahaba, wajukuu zangu. Kaeni.

Nimepewa dakika 20. Mimi ni mzee, kwa hiyo hesabuni 40.

Hapa mezani mnaona maboksi manane. Ndani yake mna ndege, malori mawili na kifaru kimoja, vyote vya plastiki, vyote vipande vipande. Kila kundi litachukua boksi lake nikishamaliza. Nimewaona mlivyoingia: kila mmoja anaangalia picha ya juu ya boksi, hakuna aliyeniangalia mimi. Siwalaumu. Ile picha imechorwa na mtu anayejua kazi yake. Ndege inapaa, mawingu yanapasuka, unasikia mpaka mlio. Ukifungua ndani unakuta fremu za kijivu zimebeba vipande, vingine vidogo kama punje za ulezi, na chini kabisa, imekunjwa mara mbili, karatasi. Leo nimekuja kuiongelea hiyo karatasi.

Nilitengeneza ndege kwa miaka 31. Si hizi za plastiki, zile zinazobeba watu. Nyingi zilikuwa ndogo, za kupeleka watalii Serengeti kutoka uwanja wa Arusha pale Kisongo. Katika kazi ile huruhusiwi kufungua bolti hata moja bila kitabu cha matengenezo kuwa wazi pembeni yako, kwenye ukurasa wa kazi hiyo hiyo. Hata kama juzi ulifungua bolti ile ile. Hata kama unaweza kuifungua usingizini. Bolti inakazwa kwa kipimo kilichoandikwa, siyo kwa jinsi mkono ulivyoamka asubuhi. Ukimaliza unatia saini, na mkaguzi anakuja kutia yake.

Sasa mtu huyo huyo akastaafu, akarudi nyumbani Rau, na binti yake akamletea zawadi: boksi la modeli ya Super VC10, skeli ya 1/144, yaani ndogo mara 144 kuliko ndege ya kweli. Wadogo hamuijui VC10. East African Airways, shirika letu la pamoja kabla halijavunjika mwaka 1977, lilikuwa nazo. Mjomba wangu alinipeleka Embakasi kule Nairobi kuziona nikiwa mtoto. Ndege ndefu, mita 52, mabawa safi hayana kitu, kwa sababu injini zote nne zimebandikwa mkiani, mbili kila upande. Ilipoondoka nilishika masikio, na nadhani siku ile ndiyo iliyonifanya fundi.

Basi nikafungua boksi kwa mapenzi hayo. Karatasi nikaiona, nikairudisha bokisini. Mimi? Miaka 31 kwenye ndege za kweli, leo nifundishwe na kijitabu cha mchezo wa watoto?

Nilitumia miezi mitatu. Nilipiga msasa viungo mpaka huoni palipoungana. Nilipaka rangi tabaka tatu. Ikafika Desemba, na Desemba mnaijua: nyumba imejaa, watoto wamerudi kutoka Dar, Mwanza, kila mahali, magari yamepangana mpaka kwenye migomba. Nikaitisha kikao. Nikaileta VC10 yangu, nikaiweka juu ya kabati la vyombo, kwenye kile kitambaa cheupe cha kufuma cha mama watoto. Nikaiachia.

Haikuanguka. Ingeanguka ingekuwa nafuu. Pua iliinuka yenyewe, taratibu, kwa heshima zote, mpaka mkia ukagusa kitambaa. Ikatulia hivyo, inaangalia dari.

Sebule kimya. Halafu mjukuu wangu, wakati huo ana miaka sita, akauliza: "Babu, mbona ndege imekaa kama mbwa?"

Shemeji yangu mmoja alicheka mpaka akatoka nje. Mpaka leo akinipigia simu haanzi na salamu, anauliza kwanza kama mbwa amekula.

Usiku nikaitoa ile karatasi. Hatua ya pili, siyo ya kumi, ya pili: mchoro wa nusu ya bodi, na ndani ya pua donge limepakwa weusi, pembeni yake tarakimu na herufi g. Gramu. Yaani kabla hujagundisha nusu ya kushoto na ya kulia, tia uzito puani. Mimi nilikuwa nimeshagundisha, nimepiga msasa, nimepaka rangi. Mlango umefungwa na ufunguo uko ndani.

Hapa nataka tukae kidogo, kwa sababu hili jambo ni tamu kwa fundi. Chukueni rula, mwenye rula. Ilaze juu ya kidole. Inasimama sawa pale uzito wa mbele na wa nyuma unapolingana. Ndege ya magurudumu matatu, moja chini ya pua na makuu mawili chini ya mabawa, kidole chake ni yale makuu. Uzito wa ndege ukianguka mbele ya kidole, inalalia gurudumu la pua na inasimama vizuri. Ukianguka nyuma, hata kwa sentimita moja, inakaa kama mbwa. Kwenye ndege ya kweli wahandisi walishalipangia hilo. Kwenye plastiki, unene ni ule ule kila mahali, na VC10 ina injini nne mkiani, kwa hiyo plastiki yote nzito imerundikana nyuma.

Hesabu yake ni ya darasani kwenu. Tuseme modeli ina gramu 100, na uzito wake umeangukia sentimita 1 nyuma ya magurudumu makuu. Mia mara moja, mia. Ukiweka risasi, ile metali nzito, ndani ya pua kabisa, sentimita 20 mbele ya magurudumu hayo, unahitaji gramu 5 ili ilingane. Ukichoka ukaiweka jirani, sentimita 5 tu mbele, unahitaji gramu 20, na pengine nafasi ya kuziweka huna. Ndiyo maana mchoro unaonyesha donge limesukumwa mpaka mwisho. Mimi siku hizi nazidisha kidogo juu ya walichoandika, maana rangi na gundi navyo vina uzito. Nafunga bodi kwanza kwa selotepu, bila gundi, naiegemeza kwenye penseli mbili palipo magurudumu makuu, naangalia inainamia wapi.

Risasi yenyewe msisumbuke kuiagiza. Nendeni gereji yoyote wanapobalansi tairi, vile vipande vilivyong'olewa kwenye rimu wanavitupa. Au chubwi, kama una ndugu mvuvi kwenye bwawa la Nyumba ya Mungu. Lakini nawa mikono kabla hujashika chapati. Risasi ni sumu.

Wala msidhani Warusi walikuwa wajinga kuliko sisi. Ile Ilyushin Il-62 yao, ya kweli, nayo ina injini nne mkiani, na walilazimika kuiwekea kijiguu cha nyuma, kinashushwa ndege ikiwa imeegeshwa ili isikae chini. Mimi cha kwangu nilikitengeneza kwa kijiti cha kiberiti.

Sasa, swali ambalo nilijiuliza usiku ule: kwa nini sikusoma? Jibu la kwanza ni kiburi, mmeshalisikia. Jibu la pili limejificha zaidi. Kabla ya VC10 nilikuwa nimejenga DC-3, nayo bila karatasi, na ilitoka safi. Ndege ya zamani, iliruka mara ya kwanza mwaka 1935, na East African Airways walikuwa nazo pia. DC-3 ina kigurudumu kidogo mkiani. Ikisimama, mkia uko chini tangu kiwandani. Ndivyo ilivyoumbwa, haihitaji hata gramu moja ya risasi. Kwa hiyo nilifaulu bila kusoma kwa sababu modeli ile haikuwa na mtego huo. Nikatoka pale nikiamini nimejua kujenga ndege. Kumbe nilikuwa nimejua kujenga DC-3.

Vijana, karatasi ya maelekezo haipo kwa ajili ya kukuambia kipande kipi kinakaa wapi. Hilo jicho linaweza. Bawa ni bawa, gurudumu ni gurudumu. Karatasi inakuambia kipi kitafunikwa na kipi. Inajua kwamba ukifika hatua ya nane, hatua ya pili itakuwa imezikwa. Bibi yangu alipika mbege, pombe yetu ya ndizi, miaka yote bila kujua kusoma, Mwalimu Mkuu atanisamehe kuitaja hapa, lakini hakuna siku alitanguliza kimea cha ulezi kabla ya ndizi. Vitu vilikuwa vile vile, sufuria ile ile. Mfuatano ndio uliokuwa ufundi wake.

Na kwenye modeli mfuatano una ukali wa pekee kwa sababu ya gundi. Msinichanganyie gundi ya modeli na supagluu. Supagluu inakaa katikati ya vipande viwili inavishikilia. Gundi ya modeli inayeyusha plastiki ya pande zote mbili, zinaingiana, ikikauka kimebaki kitu kimoja. Ukitaka kutenganisha unakata, hufungui. Na supagluu msiipeleke karibu na kioo cha rubani: mvuke wake unaganda kwenye plastiki angavu, kioo kinakuwa na ukungu mweupe kama dirisha la daladala asubuhi ya Julai.

Kuna mitego mingine ya jamii hiyo hiyo. Matangi ya mafuta yanayoning'inia chini ya bawa: matundu yake mara nyingi hutobolewa kutokea ndani, kabla nusu ya juu na ya chini ya bawa hazijaungana, maana alama ya pa kutoboa iko ndani. Ukishafunga bawa, tafuta pa kutoboa kwa kubahatisha. Pangaboi nalo: pembeni ya mchoro wamechora chupa ya gundi imekatwa msalaba, yaani usigundishe hapa, kinatakiwa kizunguke. Kila mwanafunzi niliyewahi kumfundisha ameligundisha pangaboi lake la kwanza. Kila mmoja.

Alama zenyewe si nyingi. Namba iliyoambatana na herufi, tuseme A14, ni fremu A, kipande cha 14. Kipande cha 15 kitafanana naye kama pacha, lakini mmoja ni mguu wa kushoto na mwingine wa kulia. Usivikate vyote kwa pamoja ukavitupa mezani. Ukiona "x2", tengeneza viwili. Mchoro ukigawanyika njia mbili, unatakiwa uchague: magurudumu yameshuka au yamekunjwa, na uamuzi huo unaathiri hatua tatu mbele. Lugha isiwatishe. Boksi la Tamiya, la Shizuoka kule Japani, linakuja na Kijapani, Kiingereza na lugha nyingine za wenyewe, Kiswahili hakimo. Lakini asilimia kubwa ya maelezo yamo kwenye mchoro, na ninyi ni watoto wa uchoraji wa kiufundi. Mchoro ule unaoonyesha vipande vimetengana hewani na mishale inaelekezana, mnausoma kuliko mtu wa Oxford.

Skeli niipite haraka maana mwalimu wenu kaifundisha: 1/72 maana yake kila kitu kimegawanywa kwa 72. DC-3 ya mita 29 kutoka ncha ya bawa hadi ncha inakuwa sentimita 40. Na kwa wale wanaopenda mahesabu ya ajabu, Kilimanjaro yetu ya mita 5,895 kwa skeli hiyo ingekuwa mita 82 tu. Ungeipanda kabla ya chai.

Mimi sasa nasoma hivi. Siku ya kwanza sifungui mfuko wa plastiki kabisa. Nakaa na karatasi, penseli na chai. Naisoma mwanzo hadi mwisho kama barua, halafu narudi nyuma nikitafuta kitu kimoja tu: ni hatua ipi inafunga kitu? Pale bodi inapofungwa, pale bawa linapofungwa, pale kioo kinapowekwa. Kila mlango unaofungwa nauwekea duara, na pembeni naandika nini lazima kiwe ndani kabla yake. Kiti cha rubani, rangi ya ndani, risasi. Siku ya pili ndipo nahesabu vipande, naziosha fremu kwa maji na sabuni kwa sababu zinatoka kiwandani na mafuta ya kalibu na rangi haishiki juu ya mafuta.

Kwa nini taabu yote hii? Kwa mtu wa Ulaya labda ni taabu ya bure. Akiharibu anaingia dukani. Wewe ukivunja bawa la kushoto utakwenda wapi? Soko la Mbuyuni? La Memorial? Utapata koti zuri sana la mtumba, bawa hulipati. Haya maboksi manane yamekuja ndani ya mabegi ya watu, moja moja, kwa zaidi ya mwaka.

Nisiwadanganye lakini. Karatasi nayo hukosea. Nimeshakuta namba za kushoto na kulia zimebadilishana. Na mara nyingi inakuambia uweke miguu ya magurudumu mapema, hatua ya sita au ya saba, halafu uendelee kuishika ndege, kuigeuza, kuipaka rangi. Miguu ile ni myembamba kama njiti. Mimi siitii hapo. Naiacha mpaka mwisho. Lakini naiacha kwa sababu nimeshaangalia hatua zote zinazofuata nikahakikisha hakuna kinachoitegemea. Kutotii baada ya kusoma ni ufundi. Kutotii kabla ya kusoma mmeshaona picha yake, iko kwenye kabati langu.

Boksi la tatu pale, lile refu, ni B-17, ndege ya Marekani ya kudondosha mabomu. Nitawaambia habari yake moja halafu nikae. Tarehe 30 Oktoba 1935, uwanja wa Wright Field, Ohio, Marekani, ndege ya kwanza ya aina hiyo kutoka kampuni ya Boeing, wakati ule ikiitwa Model 299, ilikuwa inajaribiwa na jeshi. Usukani aliushika Meja Ployer Hill, rubani mzoefu. Ikapaa, pua ikazidi kuinuka, ikaishiwa mwendo, ikaanguka ikawaka moto. Hill akafariki, na Leslie Tower, rubani wa majaribio wa Boeing aliyekuwa naye ndani, akafariki baadaye. Injini zilikuwa nzima. Kilichokuwa hakijafunguliwa ni kufuli ya kuzuia upepo usitikise mkia ndege ikiwa imeegeshwa. Kwenye ndege zetu ndogo za Kisongo kufuli hiyo ni kipini tu, urefu wa kidole, kina utepe mwekundu. Nimekichomoa mara elfu. Baada ya ajali ile marubani walikaa wakaandika orodha fupi ya kukagua kabla ya kuruka, wakawa wanaisoma kwa sauti, na ndege ile ikaja kuundwa zaidi ya 12,000. Hawakumfundisha rubani kuruka upya. Walimpa karatasi.

Haya, maswali.

Binti mmoja aliuliza: "Shikamoo babu. Na kama karatasi imepotea?" Marahaba. Boksi lina namba ya bidhaa ubavuni. Iandike kwenye simu pamoja na jina la kiwanda, utafute. Watengenezaji wengi wameweka nakala kwenye tovuti zao, na wajenzi wenzetu duniani wameweka za zamani. Boksi lililokuja bila karatasi usilikate kabla hujafanya hivyo.

Kijana wa kiti cha nyuma kabisa, ambaye nilidhani amelala, akasema: "Mzee, mdogo wangu anatengeneza magari ya waya. Hana karatasi yoyote, na linatembea, lina mpaka springi."

Hilo ni swali zuri kuliko hotuba yangu. Kwanza, mdogo wako anayo karatasi: ni lile lori la mchanga linalopita mbele ya nyumba yenu. Amelisoma kila siku kwa miaka. Pili, waya unasamehe. Ukikunja vibaya unanyoosha, unakunja tena, mara kumi, mpaka ekseli ikae. Angekuwa anayeyusha chuma, angejifunza kusoma mapema. Mlete mtoto huyo Jumamosi ijayo, nataka kuiona hiyo springi.

Mama mmoja akauliza kama nilishairekebisha VC10. Hapana, mama. Nimekuja nayo, ipo ndani ya lile sanduku la viatu, na kijiti chake cha kiberiti. Sijakigundisha, kwa hiyo atakayeishika aishike kwa bodi.

Mwalimu ananionyesha saa. Makundi yachukue maboksi. Viwembe, mikasi na gundi viko kwenye begi langu, na begi limefungwa. Nitavitoa kwa kundi litakaloniambia, kwenye modeli yao, uzito unaingia hatua ya ngapi, na kama hauingii, kwa nini. Kundi la B-17, ninyi fikirieni vizuri kabla hamjanijibu. Malori mnieleze injini inaingia kabla au baada ya kufunga boneti. Na kundi la kifaru, mtaniambia minyororo inavalishwa kabla ya rangi au baada yake.